Mkebe wa Negativu na Skana Iliyokataa Kuitika



Juma hili hatutazungumzia mapishi wala malezi. Tutazungumzia mkebe wa biskuti, skana moja kuukuu, na programu iliyotuhangaisha kwa muda wa siku tisa. Twaandika haya kwa kuwa twajua kwamba mikebe mfano wa huo imo majumbani mwenu, juu ya kabati au chini ya kitanda, na wakati wa kuifungua unazidi kupita.

Bibi yetu alikuja kwetu hapa Kahawa Wendani kutoka Mombasa baada ya daktari kumwambia kuwa mtoto wa jicho amekomaa na kwamba hana budi kufanyiwa upasuaji. Katika mizigo yake, baina ya leso na kopo la halwa, mlikuwa na mkebe wa biskuti uliofungwa kwa kamba. Ndani yake mlikuwa na vipande vya negativu, nyeusi na nyeupe, za harusi yake ya mwaka 1974. Picha zenyewe za karatasi ziliharibika zamani kwa uvujaji wa paa, zikabaki hizo negativu tu. Aliyepiga picha alikuwa dada yake, Mwenyezi Mungu amrehemu, kwa kamera ya kuazima, kwa sababu siku ya kupamba hapakuruhusiwa mwanamume kuingia ndani. Na katika mojawapo ya vipande hivyo, bibi alituambia, yumo mama yake, ambaye hakuwahi kukanyaga studio maishani mwake. Hapana picha yake nyingine duniani.

"Nataka nimuone kabla sijaingia kwa daktari," alisema. "Huko baadaye ni kwa Mungu."

Siku ya upasuaji ilikuwa imekwisha kupangwa. Zilibaki siku kumi.

Tulipoufungua mkebe, harufu ya siki ilitupiga puani. Msidharau harufu hiyo, wasomaji wetu. Filamu nyingi za miaka hiyo zimetengenezwa kwa plastiki iitwayo asetati. Plastiki hiyo ikikaa penye joto na unyevu, kama ilivyo hali ya pwani yetu, huanza kuvunjika na kutoa asidi ile ile iliyomo katika siki. Asidi hiyo nayo huharakisha uharibifu, na mvuke wake huambukiza filamu zilizo jirani ndani ya mkebe uliofungwa. Filamu hujikunja, hunywea, na hatimaye utando wenye picha hubanduka. Hakuna dawa ya kuirudisha filamu iliyofika hapo. Lililobaki ni kuinakili mapema, kutenga zinazonuka na zisizonuka, na kuziweka zilizosalia mahali pakavu, penye ubaridi na hewa.

Jirani mmoja alituuliza kwa nini tusizipeleke studio, tukalipa na kuyamaliza. Jawabu ni jepesi kwa msomaji wa jarida hili. Ndani ya picha zile wamo wanawake katika mapambo ya harusi, vichwa wazi, wakiwa baina yao wenyewe. Walikubali kupigwa picha kwa sababu mpigaji alikuwa mmoja wao. Miongoni mwao wako waliokwisha kufariki, na wako walio hai ambao hawajaombwa ruhusa. Haikutupasa kuzikabidhi kwa kijana wa dukani azikuze kwenye kioo chake, kisha nakala zibaki katika tarakilishi tusiyoijua. Tukaazimia kuifanya kazi hiyo nyumbani.

Tulikwenda jijini Nairobi tukanunua skana ya mtumba, ile ya bapa yenye taa ndani ya mfuniko, ambayo hupitisha mwanga katikati ya filamu. Ilikuja na waya zake, fremu za plastiki za kushikia negativu, na sidii ya programu. Tukarejea Kahawa Wendani tukiwa na furaha, tukidhani kazi imekwisha. Wahenga walisema, vyaelea vimeundwa. Nasi tulikuwa tumeona vinavyoelea tu.

Kosa la kwanza lilikuwa la haraka. Kijana wetu aliichomeka skana kwenye kipakatalishi kabla ya kusakinisha programu yake. Kwa skana nyingi za zamani, mpangilio sahihi ni kinyume chake: kwanza programu, kisha skana, tena pale tu kisakinishi kinapokuagiza kuichomeka. Ukitangulia kuichomeka, Windows hukiona kifaa kisichokijua, hukiandika kama kifaa kisichotambulikana, na aghalabu hung'ang'ania maandishi hayo hata baada ya programu sahihi kuwekwa. Dawa yake ni kuingia katika orodha ya vifaa vya tarakilishi, kukitafuta kile chenye alama ya njano, kukiondoa, kuchomoa waya, kuzima na kuwasha upya, kisha kuanza tena kwa utaratibu. Vilevile hakikisheni kwamba aliyeketi mbele ya tarakilishi ana haki za msimamizi. Akaunti ya mtoto haiwezi kusakinisha kitu kinachogusa undani wa mfumo.

Tulirekebisha hilo, tukakutana na kosa la pili. Kipakatalishi chetu hakina tundu la sidii. Tulimwomba jirani atunakilie yaliyomo kwenye flashi, akafanya hivyo. Tulipokianzisha kisakinishi, kilijibu kwamba hakilingani na toleo hili la Windows. Kijana akakianzisha upya kwa hali ya kulinganisha, ile inayoifanya tarakilishi ijifanye ni ya miaka ya nyuma. Safari hii programu iliingia mpaka mwisho, dirisha lake likafunguka, likasema: skana haikupatikana.

Hapa ndipo wengi hukata tamaa, na hapa ndipo panapotaka maelezo. Programu ya skana ni vitu viwili. Cha kwanza ni dirisha unaloliona, lenye vitufe vya kuchagua na kuhifadhi. Cha pili ni kiendeshi, ambacho mafundi hukiita draiva, nacho ndicho mkalimani baina ya tarakilishi na skana. Hali ya kulinganisha huweza kulihadaa dirisha; kiendeshi hakihadaiki. Kiendeshi kilichoandikwa kwa mfumo wa biti 32 hakiingii kamwe katika Windows ya biti 64, na tarakilishi karibu zote za leo ni za biti 64. Kuijua yako ni rahisi: ingia katika mipangilio, sehemu ya mfumo, kisha maelezo ya tarakilishi, hapo pameandikwa aina ya mfumo. Lau tungetazama hapo siku ya kwanza, tungeokoa siku tatu.

Siku ya nne kijana alitafuta kiendeshi kipya kwenye intaneti, akaangukia mahali palipoahidi viendeshi vyote vya dunia bure. Alichopakua hakikuwa kiendeshi. Kilikuwa programu iliyojaza kioo maonyo mekundu kwamba tarakilishi ina mamia ya kasoro, na kwamba tulipe ili zirekebishwe. Alhamdulillah hatukulipa. Tuliiondoa, tukaikagua tarakilishi nzima kwa programu ya kukinga virusi. Wasia wetu kwenu ni huu: kiendeshi hutafutwa kwa mtengenezaji wa skana mwenyewe, kwa namba kamili ya modeli iliyoandikwa chini ya skana. Ikiwa hapo hakipo, msikitafute vichochoroni.

Kwa modeli yetu hakikuwapo. Fundi mmoja alitushauri tuzime ukaguzi wa sahihi za viendeshi ndani ya Windows, akidai kiendeshi cha zamani kitapita. Hatukumsikiliza. Ukaguzi huo ndio bawabu anayezuia kitu kisicho na sahihi ya kuaminika kuingia ndani kabisa ya mfumo. Tena kuzima ukaguzi hakukigeuzi kiendeshi cha biti 32 kikawa cha biti 64. Tungebaki na mlango wazi, na skana bado ni bubu.

Zilibaki njia tatu za halali, nasi twazitaja zote ili kila nyumba ichague inayoifaa. Ya kwanza ni kununua programu ya skana inayobeba viendeshi vyake yenyewe. Mashuhuri miongoni mwake ni VueScan, ambayo huziamsha skana nyingi zilizoachwa na watengenezaji wake. Hulipiwa, lakini huweza kujaribiwa kwanza. Picha za majaribio huwa na alama juu yake, na hilo latosha kukuonyesha kama skana yako itaitika kabla hujatoa pesa. Ya pili ni mfumo wa Linux, ambao una mkusanyiko wa viendeshi vya bure uitwao SANE. Ya tatu ni kuitafuta tarakilishi ya umri wa skana, ukaviacha vizee viwili vizungumze lugha yao.

Sisi tulichukua ya tatu, kwa sababu tulikuwa nayo nyumbani. Stoo palikuwa na tarakilishi ya mezani yenye Windows 7 ya biti 32, tena yenye tundu la sidii. Tunajua kwamba Microsoft iliacha kuitunza Windows 7 tarehe 14 Januari 2020, na kwa hiyo si salama kuiunganisha na intaneti. Basi hatukuiunganisha. Na hapo tukaona kitu ambacho hatukukitarajia: tarakilishi isiyo na intaneti ndiyo stara bora kuliko zote kwa picha zile. Hakuna kinachoweza kutoka humo pasi na mkono wa mtu. Tulilolidhania ni udhaifu likawa ndilo tulilokuwa tukilihitaji tangu mwanzo.

Walakini mambo hayakwisha. Siku ya sita, katikati ya kusakinisha, tokeni za umeme zilituishia. Tarakilishi ya mezani haina betri, ikazimika papo hapo. Ilipowaka, programu ilikuwa nusu imo, nusu haimo. Msijaribu kuendelea juu ya usakinishaji uliokatika. Iondoeni programu yote kwa njia ya kawaida ya kuondoa programu, wakaanzisha upya mashine, kisha anzeni tangu mwanzo. Na kabla ya hapo, tazameni mita.

Siku ya saba programu iliingia salama, lakini skana iliendelea kuonekana na kupotea. Sababu ilikuwa tundu la mbele la USB na waya mrefu wa kuunganisha. Tulipoichomeka moja kwa moja kwenye tundu la nyuma, kwa waya mfupi, ilitulia. Ikatoa kelele ya kukwaruza na kusimama. Tukaigeuza: kumbe chini yake pana kufuli dogo la safari, ambalo huibana taa isitikisike njiani, nalo lilikuwa bado limefungwa. Tukalifungua. Skana ikatembea.

Bado palibaki jambo moja. Katika orodha ya kuchagua, neno la filamu lilikuwa limefifia, halibonyezeki. Karatasi peke yake ndiyo iliyokubali. Tulikaribia kuiondoa programu kwa mara ya tatu. Bibi, aliyekuwa ameketi kando akivuta tasbihi, akauliza, "Huo mfuniko nao una waya wake?" Ulikuwa nao. Waya mwembamba wa taa ya mfuniko ulikuwa ukining'inia nyuma, haujachomekwa. Na ndani ya mfuniko ubao mweupe wa kufunikia karatasi ulikuwa bado umeziba taa. Tukauchomoa ubao, tukauchomeka waya, tukaifungua programu upya. Neno la filamu likang'aa. Mwenye macho mazima sisi, na aliyeona ni yeye.

Sasa twaeleza kazi yenyewe kwa ufupi. Fremu moja ya filamu ya kawaida ina upana wa milimita 36 na kimo cha milimita 24. Ukiiskani kwa nukta 2400 kwa inchi, utapata picha yenye nukta zipatazo 3400 kwa 2270, yaani takriban milioni 7.7. Hiyo yatosha kuchapisha picha nzuri ya kutundika ukutani. Kwa filamu nyeusi na nyeupe chagueni kiwango cha kijivu badala ya rangi. Faili ya TIFF ya kijivu ya biti 8 huchukua kiasi cha megabaiti 8, na ya biti 16 huchukua mara mbili yake. Ya rangi huchukua kiasi cha 23. Hifadhini TIFF kama asili, na JPEG kwa matumizi ya kila siku.

Ikiwa skana yenu ina uwezo wa kufuta vumbi kwa mwanga usioonekana wa infraredi, uzimeni kwa filamu nyeusi na nyeupe. Picha hizo zimeundwa kwa chembe za fedha, na fedha huuzuia mwanga huo. Programu itadhani uso wa mtu ni uchafu, na itauharibu. Vumbi liondoeni kwa kipulizio cha mkono, wala si kwa pumzi zenu zenye unyevu. Shikeni filamu pembeni, kwa glavu safi za pamba. Upande usiong'aa ndio wenye utando wa picha; usiguswe.

Pwani yetu haijakosa watu waliothamini hazina hizi. Mjini Zanzibar, Ranchhod Oza alianzisha Capital Art Studio mwaka 1930, na nyuso za vizazi kadhaa zikapita mbele ya kamera zake. Hapa Kenya, Mohamed Amin, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1943 na kufariki Novemba 1996 ndege iliyotekwa nyara ilipoanguka baharini karibu na Komoro, aliacha hazina kubwa ya filamu chini ya kampuni yake ya Camerapix, na sehemu yake imekwisha kuskaniwa na kuonyeshwa ulimwenguni. Picha za namna hiyo zilipigwa ili umma uzione, na ni vyema zionekane. Za mkebe wetu zilipigwa ili zisionekane ila na wachache, na kuzihifadhi kwataka adabu nyingine.

Adabu hiyo tumeiandika hivi nyumbani kwetu. Picha zimo katika diski mbili za nje zenye nywila. Moja ipo hapa, nyingine imepelekwa Mombasa kwa shangazi, kwa kuwa diski moja ni sawa na kutokuwa nayo. Hakuna aliyepiga picha kioo kwa simu yake, kwa maana simu nyingi hupeleka picha kwenye intaneti zenyewe bila ya kumwuliza mwenyewe. Hazitumwi katika makundi ya WhatsApp, hata la aila. Kila mwanamke aliye hai anayeonekana ndani yake ataulizwa, na atakayesema picha yake ifutwe, itafutwa. Na ambao wametangulia mbele ya haki, stara yao ni amana juu yetu.

Usiku wa siku ya tisa tuliziskani zote. Zilikuwa fremu 36. Zilizotoka ni 29. Saba utando wake ulikuwa umekwisha kubanduka, na lau mkebe ungekaa miaka michache zaidi, pengine tungeandika hesabu nyingine. Wanaume wa nyumba walitoka sebuleni. Bibi akaketi karibu sana na kioo, nasi tukawa tunazikuza moja baada ya moja, uso mzima ukajaa kioo, ili jicho lake lenye ukungu liweze kushika.

Tulikuwa tumekwisha kumchagua sisi wenyewe: mwanamke wa makamo aliyekaa katikati, mwenye vikuku, anayefanana naye. Bibi akatikisa kichwa. Huyo ni mke wa ami yake. Tukaendelea. Katika fremu ya 22, pembeni kabisa, nusu ya bega likiwa limekatwa na ukingo, alikuwapo mwanamke mwembamba aliyeinama na birika ya kahawa, hatazami kamera. Tulikuwa tumeipita mara mbili.

"Rudisha," bibi alisema. Tukarudisha. "Ndiye. Siku nzima hakukaa kitako."

Akamtazama kwa muda mrefu, kisha akatuomba tumkuze zaidi, mpaka uso ukawa chembechembe tu. Hatukumwambia kwamba hakuna zaidi ya hapo. Keshoye alikwenda kwa daktari, na alhamdulillah jicho limepona. Sasa anasema kwamba mama yake alikuwa na alama kidevuni aliyokuwa ameisahau.

Basi ndugu zetu, juma hili shusheni mikebe. Inuseni. Ikiwa inanuka siki, msingoje Ramadhani wala likizo. Waulizeni wazee majina ya waliomo, muyaandike, maana skana haitambui mtu, na anayewatambua hatakaa milele. Na programu ikikataa, msiivunje skana wala msimkemee kijana: tazameni biti, tazameni waya, tazameni kufuli, kisha mwulizeni bibi.